Akiba ya Sauti

Sokoni walimwita Honi, na hakuna mgeni aliyehitaji kuambiwa sababu. Ukiingia tu geti la soko, upande wa nguo za mtumba, ulimsikia kabla hujamwona: "Inua, geuza, nusa! Suruali ya bosi kwa bei ya karani! Kaka, usiikimbie, hiyo imekutafuta tangu mwaka juzi!" Wauza nyanya walilalamika kwamba anawafukuzia wateja, halafu walewale wakaacha meza zao wakaenda kumsikiliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mpaka apande juu ya meza ndipo alingane na wenzake, lakini koo lile, mimi nadhani, lilikusudiwa watu watatu likaangukia kwa mmoja.

Basi koo hilohilo ndilo lililomgeuka. Lilianza kwa kukwaruza, akanywa tangawizi. Likaanza kuuma, akatia asali kwenye tangawizi. Majirani wakamwambia nenda hospitali, akawajibu kwamba mnadi asiyeumwa koo huyo hauzi. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku alipotema damu kwenye leso ndipo mumewe alipofunga kibanda chake, akamshika mkono na kumpeleka mwenyewe.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo baya. Akavua miwani.

"Ni kansa, mama. Ipo kwenye koromeo, palepale sauti inapotokea. Tukiliacha koromeo hilo, litakuua. Tukilitoa, utapumua kwa tundu hapa shingoni, utakula, utafanya kazi zako. Ila hutasema tena."

"Hata kunong'ona?"

"Hata kunong'ona."

Mumewe ndiye aliyeuliza, "Na ataishi miaka mingapi, daktari?"

Daktari akavaa miwani yake. "Twende polepole, baba. Kwanza tumpasue salama." Kisha akaongeza, kana kwamba anawapa zawadi ya njiani, "Kama kuna maneno mnayotaka kuyabakiza, yarekodini sasa. Msimchoshe lakini. Sauti iliyobaki ni kidogo, na kila siku itapungua."

Huyo mume alikuwa fundi simu, na dunia nzima, mkewe akiwemo, ilimwita Fundi. Sasa Fundi alikuwa mtu wa kesho. Ukimpelekea simu iliyopasuka kioo, ulirudi na kioo kipya pamoja na hotuba: miaka thelathini ijayo hakutakuwa na simu, kutakuwa na kitu cha kubandika nyuma ya sikio, milango itamjua mwenye nyumba kwa sura, magari yatajiendesha yenyewe na madereva watakuwa abiria, jua litakuwa kali hivi kwamba watu watalala mchana na kwenda kazini usiku. Wateja walimpenda kwa sababu kioo kilikuwa cha kulipia lakini hotuba bure. Jioni ile waliyotoka hospitali, aliweka mezani tableti ya zamani aliyoifufua mwenyewe, akasema kama mtu aliyekwisha kuamua, "Tutaweka akiba. Akiba haiozi."

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Honi atasema sentensi, Fundi atairekodi, ataitengenezea kitufe kwenye kioo cha tableti. Baadaye, akitaka kusema, atabonyeza. Binti yao aliwaambia kuna programu za kuiga sauti ya mtu zikasema chochote unachoandika, wakajaribu. Ikatoka sauti ya mgeni anayesoma kibao cha barabarani. Honi alicheka mpaka akakohoa, na Fundi akaifuta programu ile.

Binti huyo ndiye Kiroboto. Jina alipewa na mama yake kwa sababu utotoni hakutulia hata akilishwa, kijiko kilibidi kimfukuze. Sasa alikuwa msichana wa sekondari, kampita mama yake kwa kichwa kizima, ana aibu zake za umri wake, na alikwishatoa amri: ndani ya nyumba Kiroboto sawa, mbele za watu hapana.

Chumba cha kulala kikageuka studio. Godoro likasimamishwa dirishani kuzuia kelele za mtaa, feni ikazimwa, jasho likawatoka. Fundi akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, tableti magotini.

"Tableti ina nafasi tele," akasema. "Koo ndilo halina. Kwa hiyo tusipoteze sauti kwa maneno ambayo hayatakuwa na kazi. Tufikirie maisha ya miaka thelathini ijayo."

"Haya," akasema Honi. Sauti yake ilikwisha kuwa kama mlango usiotiwa mafuta. "Anza na hii. 'Zima taa.'"

"Ya nini? Taa zitajizima."

"'Nani kaacha mlango wazi?'"

"Mlango utajifunga, mke wangu."

"'Umekula?'"

Fundi akatikisa kichwa kwa huruma, kama anavyomtikisia mteja aliyeangusha simu chooni. "Mtu atakuwa na saa mkononi inayosoma tumbo lake. Utajua amekula au hajala kabla hujamuuliza."

"Kwa hiyo nisimuulize mwanangu kama amekula?"

"Utauliza kitu ambacho jibu lake unalo?"

"Fundi, tangu lini mama akauliza hilo kwa kutafuta jibu?"

Lakini hapo ndipo ulipokuwa ubaya wenyewe: kila alipobishana, alikuwa anabishana kwa akiba. Neno alilomrushia mumewe ndilo neno ambalo lingeingia kwenye kitufe. Honi, ambaye hajawahi kushindwa mabishano na mtu yeyote mwenye mdomo, akajikuta anakubali ili asiishiwe. Ilimuuma kuliko lile koo.

Wakarekodi makubwa. "Hongera kwa kupata kazi." "Poleni na msiba." "Wajukuu zangu, bibi yenu anawapenda." Wifi yake, dada wa Fundi, akaja na kiti chake kabisa, maana aliona jambo kama hilo haliwezi kwenda bila yeye.

"Wifi, la harusi usilisahau. Sema: 'Wakwe zetu karibuni, mmepata mke.'"

"Na akikataa kuolewa?"

"Atakubali. Mimi mwenyewe nilikataa mara mbili."

"Ndiyo maana ukampata yule," Honi akamjibu, na Fundi akapiga kelele kwamba sasa wanachezea mali.

Likaja suala la jina. Honi alitaka kurekodi "Wewe Kiroboto!" Hivyo tu, kwa namna ile ya kumrudisha mtoto kutoka ng'ambo ya barabara.

"Hapana," akasema Fundi. "Miaka thelathini ijayo huyu atakuwa mkurugenzi mahali fulani. Utamwita Kiroboto mbele ya wafanyakazi wake?"

Kiroboto mwenyewe alikuwa ameegemea mlango. Tangu shughuli ile ianze alikuwa anapita tu, haingii, haketi, akiulizwa anasema ana kazi za shule. "Baba amesema kweli," akasema. "Hilo jina liacheni." Akaondoka.

Honi akarekodi "Binti yangu mpendwa, najivunia ulivyo." Neno "mpendwa" lilimkaa mdomoni kama meno ya kuazima. Hajapata kumwita mtu mpendwa maisha yake yote; watu aliowapenda aliwagombeza.

Siku ikafika, kesho yake ni kulazwa. Fundi alikuwa amepanga sauti yote iliyobaki iende kwenye wosia, maneno marefu ya busara ambayo binti atayasikiliza akiwa mtu mzima, nyumba yake inajisafisha, gari lake linajiendesha, na mama anamsemesha kutoka ukutani. Alikuwa ameandaa kila kitu. Kurudi chumbani na kikombe cha maji ya uvuguvugu, akakuta kitanda kitupu.

Mkewe alikuwa juu ya meza yake sokoni.

Alipotoka nyumbani alijiambia anakwenda kuwaaga wenzake tu. Lakini palikuwa na robota jipya la nguo, limekatwa kamba muda uleule, na kijana aliyeshikilia meza yake alikuwa ananadi kama anayeomba msamaha. Honi akavumilia, akavumilia, kisha akamwambia mtoto wa watu ashuke.

"Inua, geuza, nusa!"

Jamani, sauti ilitoka. Ilitoka imechanika, ina mikwaruzo, lakini ilikwenda mpaka geti na kurudi. Watu wakajaa. Akanadi makoti, akanadi magauni, akamvalisha mzee mmoja koti la kike na mzee akalipenda. Wauza nyanya wakaja. Hakuna aliyemwambia acha, kwa sababu wote walijua, na wote walitaka kusikia. Kwa muda ule Honi hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na kesho yoyote ya kuwekewa akiba. Alifurahi, na alijua kabisa kwamba furaha ile ataijibia nyumbani.

Hapo ndipo alipoiona sare ya shule. Kiroboto alikuwa anapita njia ya pembeni na wasichana wenzake wawili. Honi, furaha imemjaa, akasahau amri yote.

"Wewe Kirobotooo!"

Soko zima likageuka. Wale wasichana wawili wakageuka. Mmoja akauliza jambo, na Kiroboto, shingo imekakamaa, akatikisa kichwa kwamba hapana, akaongeza mwendo. Hakugeuka.

Honi akafungua mdomo anadi tena. Kikatoka kihewa kidogo, kama cha tairi la baiskeli lililotoboka. Akajaribu mara ya pili. Akashuka mezani, kijana akampisha, na watu wakajifanya wanachagua nguo.

Nyumbani Fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kilichopoa. "Umemaliza sauti kwenye suruali!" akasema. Hajawahi kumpandishia sauti, na hata siku hiyo ilimpanda vibaya, ikavunjika katikati. "Miaka thelathini ya mtoto wako, umeimalizia kwenye suruali za watu!"

Honi akamsogelea sikioni, akakusanya alichobakiwa nacho. "Wewe unapanga miaka thelathini," akamnong'oneza. "Daktari alikwambia mingapi?"

Fundi akaenda kukaa kwenye ile ndoo yake, akajishika kichwa, mabega yakaanza kumcheza. Honi akaelewa alichopaswa kukielewa tangu mwanzo. Mwanamume huyu hakuwa anajua lolote kuhusu kesho. Alikuwa anaogopa, na kila alivyoogopa ndivyo alivyoongeza miaka, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi kwa sababu hataki kukubali nyama imekwisha. Akambembeleza mpaka akatulia. Upande wa pili wa ukuta Kiroboto alikuwa amerudi, taa yake inawaka, lakini hakutoka.

Upasuaji ukaenda salama, tumshukuru Mungu kwa hilo. Honi akarudi nyumbani na kitambaa cheupe shingoni kufunika tundu, na tableti mikononi. Wageni wakaja kumpa pole, akawabonyezea "Karibuni, asanteni kwa kuja," wakashangaa. Wifi yake akabonyeza ile ya harusi kuwaonyesha majirani. "Wakwe zetu karibuni, mmepata mke," tableti ikasema kwa unyonge, na kina mama wakapiga makofi. Honi alikuwa amekaa palepale katikati yao, kama mtu anayehudhuria matanga yake mwenyewe.

Wageni walipokwisha, kazi ya tableti nayo ikaisha. Siku ilikuwa na mambo ambayo hayakuwa na kitufe. Maziwa yanafurika jikoni. Chumvi iko wapi. Shuka limeanikwa na mvua inakuja. Akajifunza kugonga sufuria kwa mwiko: mara moja njoo, mara mbili njoo haraka. Kiroboto alikuwa anakuja, anafanya anachoonyeshwa, anaondoka. Hawakuwa wameligusa lile la sokoni. Mama hakuwa na sauti ya kulisemea, na binti alikuwa nayo lakini halisemi. Fundi, kwa upande wake, aliacha hotuba. Wateja walirudi na vioo vipya tupu.

Ikawa jioni moja Kiroboto hakurudi na wenzake. Jua likazama. Simu yake ikawa haipatikani. Honi alitoka barazani, akatazama mtaa upande huu na ule, na mdomo ulimfunguka wenyewe kuita, maana zamani angemwita akiwa popote na angesikia. Akafunga mdomo. Akaanza kugonga sufuria palepale barazani, watoto wa jirani wakacheka, akarudi ndani. Akawaza magari. Akawaza wanaume. Akawaza kwamba kama mtoto wake amelala mahali anahitaji kuitwa, hakuna tena wa kumwita.

Mlango ukafunguka. Kiroboto akaingia, mkoba begani, viatu vina vumbi.

"Shikamoo. Nilikuwa kwa rafiki. Simu iliisha chaji."

Akataka kupita kwenda chumbani. Honi akamzibia njia. Hasira ilimjia yote kwa pamoja, ile ya usiku huu, ile ya sokoni, ile ya tundu la shingoni. Akashika tableti, akatafuta. Hongera kwa kupata kazi. Poleni na msiba. Wajukuu zangu. Akapeleka kidole juu, akashusha chini, vitufe vyote vya kijani, vyote vizuri, vyote vya watu wasiokuwepo bado. Hapakuwa na kimoja cha kumgombezea mtoto aliyechelewa. Kwa hasira akabonyeza chochote.

"Binti yangu mpendwa, najivunia ulivyo."

Kiroboto akasimama kama aliyepigwa. "Usinifanyie hivyo, mama. Nigombeze."

Honi akaitupa tableti kwenye kochi. Akafungua mdomo, akakaza shingo, na hewa ikatoka chini ya kitambaa ikilia fyuu, basi. Akaupiga mkono wake ukutani. Machozi yakamtoka, na hayo pia hayakuwa na mlio.

Binti akamwangalia. Kisha akaweka mkoba chini, akashika kiuno kwa mikono yote miwili, akapanua miguu kidogo, kama mtu mfupi aliyesimama juu ya meza.

"Wewe Kirobotooo!"

Ilikuwa yenyewe. Ukali wake, mkwaruzo wake, ule mvuto wa mwisho unaopanda.

"Hapa ni nyumbani au stendi ya mabasi? Eti simu imeisha chaji! Miguu nayo iliisha chaji? Mimi nimekaa hapa roho juu, nakuhesabia magari, wewe uko kwa rafiki! Rafiki ndiye aliyekuzaa? Na sokoni..." Sauti ikatikisika, akaishikilia. "Na sokoni nilikuita ukanisikia! Ulinisikia vizuri sana! Ukawaambia wenzako hunijui! Unamkana mama yako kwa sababu ya aibu, mtoto usiye na haya wewe! Mimi nikiondoka utamwita nani?"

Honi akamwonyesha kwa mkono: endelea. Akatikisa kichwa kwa kila neno, ndiyo, hilo, na hilo pia. Yote aliyokuwa nayo moyoni yalikuwa yanatoka mdomoni mwa mwingine, kwa sauti yake, na hakuna hata moja lililokosewa.

"Halafu nadhani hata kula hujala! Umekula? Nakuuliza wewe, ume—"

Mlango wa uani ukagonga ukuta. Fundi alikuwa anafua huko nyuma. Akaingia anakimbia, miguu mitupu, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, uso wake wote umefunguka kama wa mtoto.

"Umesema!" akamwambia mkewe. "Nimekusikia! Nimekusikia mpaka uani, umesema!"

Akamtazama Honi, kitambaa cheupe kikipanda na kushuka. Akamtazama Kiroboto, ambaye mikono yake ilikuwa bado kiunoni. Taratibu Kiroboto akaishusha.

"Ni mimi, baba."

"Aah," akasema Fundi. "Ni wewe." Akabaki amesimama, povu linadondoka sakafuni, hajui apeleke wapi uso wake.

Honi akafuta machozi kwa kiganja. Akamgusa binti yake kiwiko, akamwonyesha Fundi kwa kidevu, akakusanya vidole akavipeleka mdomoni.

"Anauliza kama umekula," Kiroboto akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, ndogo.

Fundi akajifuta uso, sabuni ikamwingia machoni, akapata pa kusingizia. "Bado," akasema. "Mwambie bado."

Honi akampiga kofi la bega. Walichomkata ni koo, si masikio.

"Bado, mke wangu," akasema Fundi.